Dhamana, Kipigo na Ulinzi Shirikishi

Ulinzi shirikishi nchini Tanzania huwapa wakazi wa mtaa au kijiji sehemu katika kuzuia uhalifu, chini ya uangalizi wa polisi na serikali ya mtaa. Asili yake ni sungusungu wa Usukuma na Unyamwezi, walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe. Sheria iliwapa mamlaka ya kukamata mwaka 1989, na mwaka 2006 Jeshi la Polisi likaja na mpango wa polisi jamii. Hayo yanajulikana. Lisiloeleweka hujitokeza karibu katika kila mkutano wa mtaa, tena kwa maneno yaleyale: kuna faida gani kumpeleka mwizi kituoni, ikiwa kesho yake atapita hapahapa akitucheka?

Ndani ya swali hilo mna madai mawili. La kwanza ni kwamba aliyepata dhamana ameachiwa. La pili ni kwamba adhabu iliyobaki ni kipigo. Yote mawili ni ya uongo, na la pili linaua.

Aliyekamatwa hawekwi mahabusu mpaka mtaa uridhike. Ndani ya saa 24 apewe dhamana ya polisi au afikishwe mahakamani. Wizi wa simu au kuku una dhamana. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha havina. Aliyedhaminiwa bado ana kesi, ana tarehe ya kurudi, na wadhamini wake wamesaini bondi watakayoilipa akitoroka. Kumwona kijiweni Jumanne ni sawa na kumwona mtu mwingine yeyote ambaye hajahukumiwa. Rushwa ipo, hakuna anayebisha. Lakini kesi ya wizi wa mtaani haihitaji rushwa ili ife. Mara nyingi hufikishwa kituoni ikiwa imeshakufa.

Namna inavyouawa ni hii. Saa mbili usiku simu inaporwa, vijana wanamkimbiza mtu, wanamkamata na kumpiga. Simu inapita mikononi mwa watu watano sita, kisha mwenyewe anaichukua na kurudi nayo nyumbani akishukuru. Kituoni anafikishwa mtu aliyevimba uso, bila simu. Askari akiuliza nani ataandika maelezo, umati unakumbuka kwamba kesho ni siku ya kazi. Sasa hakimu afanye nini? Simu ndiyo kielelezo, na mwenyewe alitakiwa ataje alama zake kabla ya kuonyeshwa: namba ya IMEI iliyo kwenye boksi, ufa wa kioo kwenye kona. Aliyemkamata mtuhumiwa alitakiwa aseme simu ilikutwa mfuko upi na alimkabidhi nani. Na kwa kuwa ilikuwa usiku, Mahakama ya Rufani ilishaeleza tangu mwaka 1980 mambo ya kupimwa: mwanga ulitoka wapi, umbali ulikuwa kiasi gani, shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, na kama alimfahamu kabla. "Nilimwona kwa macho yangu" haitoshi. Shahidi asipofika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kesi inaondolewa mahakamani, na mtaa unatangaza kwamba jamaa amehonga.

Kipigo hakiokoi chochote hapo. Kukiri kwa aliyepigwa hakuna thamani mahakamani. Mtuhumiwa hupewa fomu ya PF3 akatibiwe, na fomu hiyohiyo inaweza kuwa ushahidi dhidi ya waliompiga. Akifa, kosa ni mauaji, na sheria ya nia ya pamoja haimbagui aliyeleta tairi na aliyeshika miguu. Mauaji, kama ilivyotajwa, hayana dhamana: mwizi wa kuku angelala kwake, aliyemuua atalala mahabusu mpaka kesi iishe. Kwa miaka kadhaa ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimehesabu vifo vya aina hii kwa mamia. Tena ukelele wa "mwizi" hauna mchujo. Anayedai deni anaweza kumpigia mdaiwa wake ukelele huo, na mgonjwa wa akili aliyeingia ua usio wake hana la kujitetea.

Hapo hujibiwa kwamba mbona sungusungu waliweza. Waliweza, na si kwa marungu tu. Walikuwa na mwano, yaani ukelele wa hatari, uliokusanya kijiji kizima, ng'ombe waliotambulika kwa alama, na adhabu nzito kuliko fimbo: kutengwa, mtu asipewe hata moto wa kuwashia jiko. Silaha hiyo haina makali katika mtaa wa wapangaji wanaohama baada ya miezi sita. Wasifiaji pia husahau kwamba marungu yaleyale yaliwashukia vikongwe waliodaiwa kuwa wachawi.

Kenya iliazima mfumo wa nyumba kumi wa Tanzania mwaka 2013 na kukutana na ugumu ambao marungu hayautibu: jirani anaogopa kuitwa kachero. Tanzania ina sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi tangu mwaka 2015, ingawa ni mitaa michache inayoijua.

Yanayofaa kufanywa ni machache. Aliyekamatwa akabidhiwe polisi mara moja pamoja na mali, na walioona wataje majina na namba zao za simu palepale. Mlalamikaji achukue RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, na afuatilie tarehe za kesi. Dharura ipigwe 112. Askari akiomba chochote, TAKUKURU inapokea simu 113 bila malipo. Walinzi wa mtaa wahakikiwe, waandikwe kwenye daftari, wajulikane kwa mkaguzi wa kata, na michango yao itolewe risiti na kusomwa kwenye mkutano wa mtaa. Vichaka vifyekwe, taa ziwekwe. Mafundi simu na wanunuzi wa vyuma chakavu waandike nani amewauzia nini, kwa jina na namba ya kitambulisho, na daftari hilo likaguliwe kila mwezi.