Anayeshika Alama Asizishike Peke Yake

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na chuo kikuu kimoja nisaidie kuchunguza kwa nini dawati lao la jinsia halipati malalamiko. Uongozi ulikuwa umejitahidi kweli: chumba kimetengwa, afisa amepata mafunzo, mabango yamebandikwa hadi kantini. Nilionyeshwa daftari la kusajili wanaokuja kulalamika, kaunta buku ile yenye jalada gumu. Zilikuwa zimeandikwa kurasa mbili tu, na majina yote yalikuwa ya wageni waliokuja kukagua ofisi. "Unaona, Mwalimu," afisa mmoja aliniambia, na aliamini anachosema, "chuo chetu kimetulia."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la wanaosubiri. Benchi lile lilitazama ngazi ambazo wahadhiri wa jengo zima hupanda na kushuka. Kibao kilichokuwa juu ya kichwa changu kilisomeka hata kutoka uwanjani. Nilikaa kama nusu saa, na kila aliyepita alinitazama mara mbili, mara ya kwanza usoni, mara ya pili kwenye kibao. Binti wa mwaka wa pili ambaye mhadhiri amemwambia matokeo yake "yana shida kidogo, njoo tuongee" hawezi kukaa pale hata dakika tano. Akikaa, kabla hajamaliza kujieleza ndani, huko juu wameshajua.

Nimefanya kazi na kamati za malalamiko kwa muda mrefu, na nimefika mahali ambapo siamini tena kwamba unyanyasaji vyuoni huzuiwa kwa semina ya maadili au kwa tangazo la mavazi getini. Huzuiwa kwa kupanga upya njia ambayo alama na sahihi hupitia, asibaki mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumpitisha au kumwangusha mwenzake bila jicho la pili. Tabia za watu nazijali, lakini siwezi kuzikagua. Njia ya alama naweza kuikagua.

Nianze na sheria, maana wengi hudhani haipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania, ya mwaka 2007, inaitaja rushwa ya ngono katika kifungu cha 25. Mtu mwenye madaraka anayedai ngono, au upendeleo mwingine wowote, kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au nafasi, ametenda kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hapo msomaji aliangalie neno "kudai". Kosa hukamilika mhadhiri anapotamka sharti lake. Si lazima tendo lifanyike, na si lazima mwanafunzi awe ameumizwa kwanza ndipo aweze kulalamika. Nimewahi kukutana na wanafunzi waliokaa kimya muhula mzima kwa kuamini kwamba, kwa kuwa walikataa, hawana kesi.

Kifungu cha pili kimo katika Kanuni ya Adhabu, 138D, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Hiki ni kipana zaidi. Kinagusa maneno na vitendo vya kumsumbua mtu kingono, awe anayesumbua ni mhadhiri, mlinzi wa bweni au mwanafunzi mwenzake. Kifungo chake kinafika miaka 5. Lakini faini yake iliwekwa isizidi shilingi 200,000, na kiwango hicho kinaniuma kila nikikisoma. Mwanafunzi anayepokea shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku kutoka Bodi ya Mikopo angeweza kuilipa kwa bumu la siku 20. Mhadhiri hatausikia hata uzito wake.

Majirani nao wana mapengo yao. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, na kifungu chake cha 23 kinahusu wenye mamlaka wanaosumbua wengine kingono. Kimewekewa sharti kwamba usumbufu huo uwe wa kurudiarudia. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeitwa ofisini mara moja tu, mlango ukafungwa nyuma yake, anaweza kuulizwa ni mara ya ngapi. Makerere, kule Uganda, walitunga sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono mwaka huohuo wa 2006. Mwaka 2018, baada ya malalamiko kulipuka hadharani, chuo kiliunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale ichunguze hali ilivyo. Karatasi walikuwa nayo kwa miaka 12.

Hapa kwetu, wazee wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanakumbuka jambo zito zaidi. Chuo hicho kilikuwa na kilichoitwa Mzee Punch, maandishi na vikatuni vilivyobandikwa ukutani usiku na watu wasiojitaja. Vilipoanza vilikejeli wakubwa. Baadaye vikageuka rungu la kuwapigia wasichana, hasa wale waliomkataa mwanamume. Mwezi Februari 1990, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza aliyekuwa ameandamwa na watu hao alijiua. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilikuwa na umri wa miaka 3 hivi, na msiba ule uliwasukuma kuufanya ukatili dhidi ya wanawake kuwa ajenda ya nchi. Wao na wenzao wa mashirika ya wanawake ndio waliopigania sheria ya 1998 niliyoitaja hapo juu.

Nalirudia tukio hili kwa sababu waliomwandama binti yule walikuwa wanafunzi, na hawakuwa na alama za kumnyima. Walikuwa na ukuta na giza. Leo ukuta umehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatambua uonevu wa mtandaoni kuwa kosa. Lakini kiongozi wa darasa anayeendesha kundi la watu 300 hajawahi kuambiwa na chuo chake afanye nini picha ya mwenzao ikirushwa humo saa sita usiku. Amfuate nani? Amtumie nani ushahidi kabla haujafutwa? Dakika kumi za maelezo siku ya kuwapokea mwaka wa kwanza zingetosha.

Mwezi Novemba 2018, siku Rais John Magufuli alipokwenda Mlimani kufungua maktaba mpya, mhadhiri wa chuo hicho, Dkt. Vicensia Shule, aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono chuoni imekithiri. Nchi ilizungumza. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU, ilifanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na serikali ikaagiza madawati ya jinsia yaanzishwe katika vyuo. Hapo ndipo yalipotoka madawati kama lile la benchi.

Sasa nieleze jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, kwa sababu asiyejua hudhani huanza kwa mhadhiri kutamka neno chafu. Mara nyingi huanza kwa karatasi kutoonekana. Katika vyuo vyetu vingi alama 40 hutokana na kazi za darasani na 60 na mtihani wa mwisho. Zile 40 ndizo zenye giza. Majaribio yamesahihishwa, lakini hayajarudishwa. Kwenye mfumo wa matokeo, mwanafunzi mmoja ana kistari wakati wenzake wana alama. Anauliza kwa adabu, anaambiwa apige simu. Akipiga, anaambiwa aje saa kumi na moja jioni. Kufikia hapo hakuna sharti lolote lililotamkwa, lakini mwanafunzi ameshaelewa kwamba mhadhiri huyu ana uwezo wa kumkamata, yaani kumfelisha, na kukamatwa ni supu, mtihani wa marudio, na supu mbili tatu ni disko, kuondolewa chuoni. Nyumbani kuna mama aliyeuza ng'ombe. Na wapo watakaomkumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi.

Tazama mahali mlango ulipofunguliwa: ni pale alama zilipocheleweshwa na mtu mmoja bila kuulizwa na yeyote. Chuo kinachoweka sharti kwamba alama zote za kazi za darasani zibandikwe kwa namba za usajili wiki 2 kabla ya mtihani, na kwamba asiyefanya hivyo ajieleze kwa mkuu wa idara kwa maandishi, kimezuia unyanyasaji mwingi kuliko mabango yake yote. Vivyo hivyo, karatasi ya mtihani iwe na namba bila jina, mhadhiri wa pili apitie sampuli ya karatasi zilizosahihishwa, na mwanafunzi anayetaka karatasi yake isahihishwe upya kwa sababu ya kunyanyaswa asitozwe ada ya rufaa. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Palipo na hatari zaidi ni kwenye utafiti wa shahada. Huko msimamizi ni mmoja, kwa mwaka mzima au miaka, na vikao ni vya watu wawili. Vyuo nilivyopitia vina fomu ya kubadili msimamizi, na nilipoisoma mara ya kwanza nilishtuka: inadai sahihi ya msimamizi anayeachwa. Mwanafunzi anayemkimbia mtu anapaswa kwanza amwendee amwombe ruhusa ya kumkimbia! Ifutwe nafasi ile ya sahihi. Mratibu wa masomo ya uzamili anatosha.

Malalamiko yakishafika, kamati nyingi huharibu kwa nia njema. Humhamisha binti: abadilishe kundi, aahirishe somo, arudi mwaka ujao. Anayepaswa kuondolewa kwa muda ni msahihishaji. Apewe mtu mwingine karatasi za darasa zima, ili isijulikane ni nani aliyelalamika. Na mtuhumiwa naye ana haki yake. Aoneshwe tuhuma kwa maandishi, apewe muda wa kujibu, asikilizwe na watu wasio na ugomvi naye. Nasisitiza hili kwa ajili ya walalamikaji wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kuachishwa kazi kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki. Chuo kinachomfukuza mhadhiri kwa hasira bila kikao kinajitengenezea njia ya kushindwa, na mtu yule akirudi ofisini kwa amri ya chombo cha rufaa, hakuna mwanafunzi atakayethubutu kusema tena kwa miaka mingi.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mingineyo, na inahesabu unyanyasaji kuwa sura mojawapo ya ubaguzi. Naikubali hesabu hiyo. Yule anayemtania mwenzake kila siku kwa kabila lake, na yule anayepanga semina ghorofa ya tatu akijua kuna mwanafunzi wa kiti cha magurudumu, wote wanamwambia mtu kwamba hapa si kwake. Tatizo ni kwamba sheria ya ajira inamlinda mfanyakazi na anayeomba kazi. Mwanafunzi hayumo. Anachoweza kushika ni Katiba, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na sera ya chuo chake. Ndiyo maana sera ya chuo lazima iandikwe kwa lugha anayoielewa, na kwa Kiswahili pia, kwa sababu mpishi wa kantini na mfagizi wa bweni nao hunyanyaswa, na hakuna anayewapelekea semina.

Mwaka 2024 lilijitokeza pendekezo la kurekebisha sheria ya rushwa ili anayetoa ngono naye awe mkosaji. Waliolitetea walisema wapo wanaowashawishi wenye madaraka. Watetezi wa haki za wanawake walilipinga kwa nguvu, nami nilikuwa upande wao. Mashitaka ya rushwa ya ngono husimama kwa ushahidi wa aliyedaiwa, mara nyingi baada ya mtego uliowekwa pamoja na TAKUKURU, ambao namba yao ya bure ni 113. Ukimwambia shahidi huyo kwamba akifungua mdomo anaweza kukaa kizimbani pamoja na mtuhumiwa, umemfunga mdomo. Na tayari tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, ya 2015, ambayo wanafunzi wengi hawajawahi kuisikia.

Dawati la chuo kile nilichoanza nacho lilihamishwa. Walilipeleka kwenye jengo la zahanati ya chuo, chumba cha nyuma, bila kibao. Kila mwanafunzi huenda zahanati, na hakuna anayeuliza una nini. Muhula haukuisha kabla daftari halijaanza kupata majina ambayo si ya wageni. Uongozi ulishtuka ukadhani hali imeharibika.

Lililobaki linanisumbua zaidi kwa sababu liko nje ya geti. Kila mwaka wanafunzi hutawanywa nchi nzima kwenda mafunzo kwa vitendo, kwenye halmashauri, viwanda, hospitali na ofisi za wakili mmoja na karani mmoja. Huko kitabu chao cha kumbukumbu husainiwa na mtu ambaye chuo hakijawahi kumwona. Barua ya kumpeleka mwanafunzi ninaifahamu kwa moyo: aya ya kwanza inamtambulisha, ya pili inataja tarehe, ya tatu inashukuru kwa ushirikiano. Hakuna aya inayoiambia ofisi ile kwamba mwanafunzi huyu analindwa na sera ya chuo hata akiwa hapo, na kwamba anaweza kuhamishwa siku yoyote bila kupoteza alama. Hakuna namba ya simu ambayo binti aliyeko Tunduru, saa tatu usiku, anaweza kuipiga akapokewa na mtu anayejua jina lake.