Mua Hauliwi Mzima

Paukwa? Pakawa!

Palikuwa na kijana wa hapahapa Bunju. Alipewa faili liitwalo joto.txt, lenye joto lililopimwa kila dakika kwa karibu miaka mitano: mistari 2,500,000. Akalifungua kwa Excel. Excel ikapakia mistari 1,048,576, ikajaa. Iliyobaki ikaachwa kituoni, kama abiria wa daladala la asubuhi.

Akamkimbilia dada yake. Dada akampa hela: "Nenda sokoni kaniletee mua."

Kijana akarudi na vipande kwenye mfuko.

"Muuzaji amekataje?"

"Amefuata mafundo, dada."

"Basi na sisi tufuate mafundo. Fundo la faili ni pale mstari unapoishia."

Akafungua dirisha la kuandikia amri, akaandika:

split -l 1000000 joto.txt

Hiyo ni herufi l, wadogo zangu, msije mkaandika tarakimu moja! Inaiambia kompyuta ihesabu mistari. Usipotaja idadi, split hukata kila baada ya mistari 1,000. Ni amri ya mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 Bell Labs, Marekani, na mpaka leo imo kwenye Linux na kompyuta za Mac.

Kufumba na kufumbua, vipande vitatu: xaa, xab na xac. Viwili vina mistari milioni moja kila kimoja, cha mwisho nusu milioni. Vyote vikaingia Excel bila kusukumana. Na joto.txt? Lipo vilevile, halijaguswa.

"Ningeweka -b badala ya -l," dada akasema, "ingehesabu baiti na kukata popote. Joto la 29 lingeweza kukatika, 2 ikabaki huku, 9 ikaenda kule."

"Lakini dada, mua ukishakatwa hauungiki."

Dada akacheka. Akaandika:

cat xaa xab xac > nzima.txt

Kisha akalinganisha faili la zamani na jipya:

cmp joto.txt nzima.txt

Kijana akasubiri. Kompyuta haikusema neno.

"Imeharibika?"

"La. Cmp husema ikiona tofauti, hata ya baiti moja. Ikinyamaza, ujue hakuna kilichopotea."

Kijana akageukia mfuko wa miwa. Huko ndiko kulikokuwa na upungufu: vipande viwili, na dada anatafuna.

Hadithi yangu imeishia hapo.