Mkuu wa wafanyakazi si tarishi wa mwajiri

Katika kampuni nyingi humu nchini, mkuu wa idara ya wafanyakazi huogopwa kuliko hata mkurugenzi mwenyewe. Akionekana karakanani na bahasha mkononi, mazungumzo hukatika na minong'ono huanza. Wengine humwita shoka la mwajiri. Mimi niliyeiongoza idara hiyo kwa miaka kadhaa sishangai kwamba jina hilo limeshika. Hata hivyo, nashikilia kuwa shoka si kazi yake.

Zamani aliitwa afisa wa wafanyakazi, naye alitunza mafaili, akahesabu siku za likizo na kuandaa barua. Leo anaitwa mkurugenzi wa rasilimali watu. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria maalum inayowataka wataalamu wa kazi hii wasajiliwe na wawe na cheti cha kuifanya. Heshima hiyo ni njema. Lakini cheo kina faida gani ikiwa mwenye cheo huitwa mkutanoni baada ya shauri kukatwa?

Tazama jinsi watu wanavyopunguzwa kazini. Wakubwa huketi na mhasibu, wakapiga hesabu, wakaamua kwamba watu arobaini hawana budi kwenda. Hapo ndipo mkuu wa wafanyakazi huitwa na kuambiwa: "Tutafutie majina." Idadi imetangulia, sababu itafuata nyuma. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Hakuna aliyeketi pale anayetazamia kuliona jina lake katika orodha hiyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikukusudia hivyo. Kifungu cha 40 kinataka chama cha wafanyakazi, au mfanyakazi mwenyewe asiye mwanachama, apewe ilani mapema, na afisa wa leba naye ajulishwe. Aidha, wanaoondoka wateuliwe kwa kuzingatia muda waliotumika, ujuzi, uwezo na uaminifu wao kazini, wala si kwa chuki ya msimamizi. Kisha walipwe ujira usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka kamili waliotumika. Kwa kiwango hicho cha chini, aliyetoa jasho miaka 20 huondoka na ujira wa siku 300, ambao haufiki hata mshahara wa mwaka mmoja. Je, mtu kama huyo hastahili angalau kujua ni kwa nini yeye ndiye aliyechaguliwa?

Kifungu cha 41 nacho chahusu anayeshtakiwa kwa utovu wa nidhamu, kazi duni au kutojiweza kimwili. Ni lazima aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake, na asikizwe kabla ya uamuzi kutolewa. Lakini nimeshuhudia katika kampuni moja mfanyakazi akijitetea kwa saa nzima, ilhali barua ya kumfuta ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi. Huko si kumsikiza mtu. Ni kumfanyia mzaha. Isitoshe, ni hasara kwa mwajiri mwenyewe, kwa kuwa mahakama yaweza kumwamuru alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Yamkini mwajiri atauliza: "Nani anayemlipa mkuu huyu mshahara?" Swali hilo ni la haki. Mkuu wa wafanyakazi si katibu wa chama, na kampuni isiyopata faida haiwezi kumlisha yeyote. Lakini analipwa ili aseme yale ambayo hesabu za mhasibu hazionyeshi. Yeye ndiye ajuaye kwamba fundi fulani mzee, ambaye mshahara wake unaonekana mkubwa, ndiye pekee aifahamuye mashine ya zamani. Yeye ndiye wa kuuliza kama malipo ya saa za ziada yamekwisha kupunguzwa, kama uajiri mpya umesimamishwa, na kama wengine waweza kuhamishiwa idara zenye upungufu. Maswali hayo yakiulizwa mapema huenda arobaini wakawa kumi na watano. Yakiulizwa baada ya barua kutoka, hayana faida tena.

Kwa hivyo nawasihi wakurugenzi wampe mkuu wa wafanyakazi kiti kabla ya hesabu kuanza, wala si baada yake. Nao wanaoshika wadhifa huo nawakumbusha kwamba Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Kuna siku ambapo kuilinda haki hiyo kutamaanisha kumpinga bosi chumbani mwake, milango ikiwa imefungwa. Asiyekuwa tayari kwa siku hiyo na aombe kazi nyingine.