Mwani sebuleni: tangi lililotununisha

Kuna wanandoa wanaogombana kwa sababu ya meseji za saa sita usiku. Sisi, mpenzi msomaji, tuligombana kwa sababu ya mwani. Na si ule mwani wa Paje unaokaushwa na kuuzwa nje. Wetu ulikuwa wa kijani, mwembamba kama nywele, na uliota juu ya matumbawe ndani ya tangi la kioo, sebuleni kwetu Dar es Salaam.

Tangi tulilipata mwaka wa pili wa ndoa. Jirani mmoja Mjerumani alikuwa anamaliza mkataba na kurudi kwao, akauza kila kitu cha ndani: friji, makochi, baiskeli za watoto, na akwariamu ya maji ya chumvi ya lita 250, ikiwa na mawe, matumbawe na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe, wale ambao tangu filamu ya Finding Nemo itoke mwaka 2003 kila mtoto anawaita Nemo. Nilimtuma mume wangu friji. Akarudi na tangi.

Sikufichi, usiku ule tulipozima taa za sebule na kuwasha ile ya bluu ya tangi, nilisahau habari ya friji. Tulikaa kwenye kochi bila televisheni, tukiangalia tu. Tumbawe, kama ulikuwa hujui, ni mnyama. Limetulia kwenye jiwe kama ua, lakini lina vinywa vidogo vidogo na mikono ya kukamatia chakula. Likiwa salama hufunguka, likiudhika hujifunga.

Mwezi wa tano nikaona manyoya ya kijani kwenye kona ya jiwe. Nikadhani ni mapambo! Wiki tatu baadaye yalikuwa yameyafikia matumbawe, yanayazibia mwanga na kuyasugua kila maji yanapotembea. Yale madogo yanayofanana na vifungo vya shati, yanaitwa zoantidi, yakajifunga kabisa.

Mume wangu akachukua mswaki. Kila Jumamosi alikuwa anasugua na kung'oa kwa vidole mpaka mgongo unamuuma, na Jumamosi inayofuata mwani umerudi pale pale. Ikafika mahali akitoka kazini anapita moja kwa moja kwenye tangi kabla hata ya kunisalimia. Halafu siku moja nikafungua bahasha ya mchango wa sendofu ya mdogo wangu, nikaikuta nyepesi. Sehemu ya hela ilikuwa imegeuka pampu mpya.

Tulinuniana siku nne. Binti anayetusaidia kazi ndiye aliyekuwa mjumbe: "Dada, kaka anauliza kama umeshakula."

Siku ya tano nikabandika sufuria ya maji jikoni. Nia yangu ilikuwa kuyatoa yale mawe nje, niyamwagie maji ya moto, mwani ufe, mambo yaishe. Bahati nzuri nilimpigia kwanza shoga yangu aliyesomea mambo ya bahari kule Zanzibar. Akapiga kelele kwenye simu: "Zima jiko! Shoga, zima jiko sasa hivi!"

Naomba hapa usome taratibu. Baadhi ya zoantidi wana sumu inayoitwa palitoksini, miongoni mwa sumu kali kabisa zinazotengenezwa na viumbe hai. Ukichemsha jiwe lenye zoantidi, au ukilimwagia maji ya moto, sumu inaweza kupanda na mvuke, na wapo wafugaji Ulaya na Marekani waliojikuta hospitalini pamoja na familia zao kwa kosa hilo hilo. Hata kule kusugua kwa mswaki kunataka glavu na miwani ya kukinga macho, na jiwe libaki ndani ya maji. Mume wangu alikuwa anasugua mikono mitupu. Nilivyosikia hivyo, kununa kuliisha palepale.

Shoga akaja Jumapili. Mwani wala hakuuangalia sana. Aliuliza tu, "Nani analisha samaki?"

"Mimi, asubuhi," akajibu mume wangu.

Nikakohoa. Mimi nilikuwa nalisha jioni, kimyakimya, nikiamini mwenzangu na haraka zake za asubuhi lazima anasahau. Mara sauti ikatoka jikoni: "Jamani, na mimi nawapa mchana. Wananifuata kwenye kioo, nawaonea huruma."

Samaki wawili, milo mitatu kwa siku, miezi mitano, na hakuna aliyemwambia mwenzake! Chakula kisicholiwa huoza, na pamoja na kinyesi cha samaki huacha naitreti na fosfeti majini, yaani mbolea zile zile anazonunua mkulima. Tulipopima, naitreti ilikuwa miligramu 50 kwa lita na fosfeti 0.5. Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga naitreti kati ya 2 na 10, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Mswaki ulikuwa unavuna tu. Shamba tulilipanda wenyewe.

Swali la pili lilikuwa maji. Maji ya tangi hupotea kwa mvuke kila siku, na sisi tulikuwa tunajazia ya kisima yaliyoletwa na boza. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi na uchafu vinabaki, kwa hiyo kila ndoo ya kisima ilikuwa inaongeza mbolea juu ya mbolea. Sasa tunanunua maji yaliyochujwa mpaka kipimo kinasoma sifuri, na kila Jumapili tunabadilisha lita 40 kwa maji mapya yaliyochanganywa na chumvi maalumu, gramu 35 kwa lita. Mlo umekuwa mmoja, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Taa tukaishusha kutoka saa 12 kwa siku hadi 8, na konokono wa baharini 12 wakaajiriwa kama wafagiaji.

Mume wangu alitaka kuongeza kangaja, kwa kuwa anakula mwani. Shoga akakataa, samaki yule anahitaji nafasi ya kuogelea kuliko lita 250. Baharini ndiko kazini kwake. Yeye na tasi ndio wanaoparura miamba, na pale wavuvi wanapowamaliza mwani hutawala vilevile kama sebuleni kwetu. Na kama wazo lako ni kwenda Mbudya kujichukulia tumbawe jipya, lifute. Kisiwa kile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975.

Kwa vipande vilivyozidiwa tulitumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda. Unachukua bakuli la maji ya tangi, sehemu 10 za maji kwa 1 ya dawa, unatumbukiza kipande dakika tatu hadi tano, unakisuuza kwenye bakuli lingine la maji ya tangi, unakirudisha. Jaribu kipande kimoja kwanza usubiri siku kadhaa, maana si kila tumbawe linavumilia. Na usiimimine ndani ya tangi kama unayetia chumvi kwenye mchuzi.

Mwani ukaanza kupungua. Mzee akapandwa na furaha, akazidisha mara mbili zile chembechembe za oksidi ya chuma zinazonyonya fosfeti. Fosfeti ikasoma sifuri, na matumbawe yakaanza kupauka. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hadi leo kinanishangaza: ndani ya ngozi ya tumbawe kuna mwani mwingine, mdogo wa kuonekana kwa hadubini tu, unaolipa hadi asilimia 90 ya nguvu linayotumia. Rangi nyingi ya tumbawe inatoka huko. Miamba ya pwani yetu ilipogeuka meupe kwa joto la mwaka 1998, ni mwani huo uliokuwa umetoka. Sisi, katika kuua mwani wa nje, tulikuwa tunaunyima chakula wa ndani.

Tukapunguza chembechembe, tukasubiri. Rangi ilichukua miezi miwili kurudi, na katika miezi hiyo hakuna kilichonunuliwa isipokuwa chumvi na maji. Bahasha ya sendofu ilijazwa, kwa awamu.

Siku hizi kwenye mlango wa friji, maana hatimaye tulinunua, pana karatasi yenye majina matatu. Anayelisha anaweka alama ya vema. Juzi nilimkamata mume wangu ameweka alama kwenye jina langu ili alishe mara ya pili. Zoantidi wamefunguka wote, na nyuma ya pampu limebaki fungu dogo la nywele za kijani. Konokono wawili wako pale tangu jana.