Zimwi Lijigeuzalo Dhahabu

Huko Marekani upo mchezo wa kubuni uliotolewa mwaka 1974, ambao vijana huketi mezani wakajifanya mashujaa waingiao mapangoni kutafuta hazina. Mwaka 1977 mmoja wa watungaji wake, Gary Gygax, alitoa kitabu cha majitu ya mchezo huo, na ndani yake akaweka jitu la ajabu. Jitu hilo halimfukuzi mtu. Hutulia kimya, likajigeuza kasha la hazina. Shujaa anyoshapo mkono alifungue, mkono hunata kama kwa gundi, ndipo ajuapo kwamba yeye ndiye aliyewindwa.

Wazee wetu hawakungoja kitabu hicho. Katika hadithi zisimuliwazo jioni kando ya moto, tangu pwani hata kwetu Kivu, zimwi hujigeuza kijana mzuri, likaja kuposa. Watu husema hizo ni hekaya za watoto. Sisi twasema kwamba zimwi hilo tumeliona hapa Butembo, nalo lilikuwa limefungwa katika kipande cha mpira wa baiskeli.

Yuko baba mmoja ambaye watoto wake tuliwafundisha. Alikuwa na shamba la kahawa na mbuzi kadhaa. Siku moja wakaja wageni wawili wenye maneno ya adabu. Walisema watoka machimboni upande wa Manguredjipa, na kwamba ndugu yao ni mgonjwa, hivyo wataka kuuza dhahabu upesi, kwa bei ndogo, bila watu wengi kujua. Wakampeleka kwa mnunuzi, chembe chache zikapimwa mbele yake, nazo zilikuwa dhahabu kweli. Basi akauza nusu ya shamba, akaongeza na fedha ya masomo ya watoto, jioni akapokea kifurushi chake. Asubuhi alipokipeleka kupimwa, juu palikuwa na dhahabu kidogo, na chini yake unga wa shaba ya manjano.

Siku tatu hakusema neno. Mkewe alitambua kwamba kuna jambo, kwa kuwa hakuwauliza tena watoto habari za masomo yao. Alipokwisha kuungama, mama yule hakumtukana. Alimwambia, “Baba watoto, shamba limekwenda. Usiuache na ulimi uende. Sema, ili jirani asilie kama sisi.” Akasema mbele ya majirani, na mara wakasimama wanaume wawili wengine, kila mmoja akakiri kwamba naye aliliwa vivyo hivyo, akanyamaza kwa aibu. Mtoto wa kwanza wa baba yule alipoteza mwaka mzima wa shule.

Tumefikiri sana jambo hili. Zimwi hilo lina chambo tatu: haraka, siri na bei ndogo. Ukiona zote tatu pamoja, ondoka. Tena hupenda kumwendea aliyekwisha kupoteza kitu. Tangu mauaji ya Beni yalipoanza Oktoba 2014, jamaa nyingi zimeacha mashamba yao zikakimbilia Butembo na kwingineko. Mtu aliyenyang'anywa kazi ya miaka 20 husikia kwa urahisi neno la atakayemrudishia yote kwa siku moja.

Si wanyonge tu waliwao. Nahodha Mwingereza Martin Frobisher alifika kaskazini ya Kanada mwaka 1576, akarudi na jiwe jeusi ambalo wengine walilidhani lina dhahabu. Safari mbili zikafuata, na mwaka 1578 merikebu zake zilileta Uingereza zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Yalipoyeyushwa hayakutoa faida yo yote. Na karibu na kwetu, Februari 2011, ndege ya wageni waliokuja kununua dhahabu ilizuiwa katika uwanja wa Goma. Mamilioni ya dola yalikuwa yamekwisha kutoka mifukoni mwao, nao wakaondoka mikono mitupu.

Zimwi hutambulikanaje? Kuna jiwe la manjano ling'aalo liitwalo pairaiti, ambalo ni chuma na salfa, nalo huweza kukaa mwambani pamoja na dhahabu yenyewe. Ligonge kwa nyundo: litavunjika likawa unga, lakini dhahabu hulainika ikatandazika. Likwaruze juu ya kigae cheupe kisichong'arishwa: litaacha mstari wa kijani kilichoiva hadi weusi, lakini dhahabu huacha mstari wa manjano. Litie motoni: litatoa harufu ya kiberiti. Ulanga nao hung'aa mtoni, ila ni mwepesi, maji huuchukua.

Mwamuzi mkuu ni uzito. Dhahabu safi huyazidi maji ya kiasi kile kile mara 19, shaba ya manjano mara 8 na kitu, pairaiti mara 5 tu. Akili hii ni ya zamani. Yasimuliwa kwamba mfalme Hiero wa Sirakusa, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alimtaka Arkimede achunguze kama taji lake limechanganywa na fedha, naye akapata jibu kwa maji. Lakini tusijidanganye: madini ya tungsteni yana uzito karibu sawa na wa dhahabu. Kwa hiyo kipime kifurushi chote, tangu juu hata chini, wala si chembe uliyochaguliwa na muuzaji. Na kipimwe na mtu uliyemtafuta mwenyewe.

Akina baba, kabla ya kuuza shamba semeni na wake zenu mchana kweupe. Biashara isiyoweza kutajwa mbele ya mama wa watoto tayari imekwisha kuonyesha mkia wake. Nanyi mlioliwa, msione haya kusema, maana zimwi hushiba kwa kimya chetu.

Baba yule alibaki na nusu ya shamba. Mwaka uliofuata alivuna kahawa, akauza, akamrudisha mwanawe darasani. Tulipomwona kijana yule ameketi tena kwenye benchi lake, tulifahamu kwamba hazina ya nyumba ile haikuwa imeliwa yote.