Timu ya Kompyuta Hupimwa kwa Kazi, Si kwa Vifaa

Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 katika muda wa dakika 45 hivi. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Programu mpya iliwekwa katika kompyuta saba. Ya nane ikasahauliwa, na programu ya zamani iliyobaki humo ikaanza kununua na kuuza hisa ovyo. Barua pepe 97 zilizotaja hitilafu hiyo ziliwafikia wafanyakazi kabla soko halijafunguliwa. Hazikutiliwa maanani. Hata utaratibu wa fundi wa pili kukagua kazi ya mwenzake haukuwapo.

Je, tutaitambuaje mapema timu iliyokomaa na ile ambayo bado?

Kwa miaka mingi mafundi hawa walikuwa kambi mbili: wanaoandika programu na wanaoziendesha. Mambo yakiharibika, kila kambi ilinyooshea nyingine kidole. Mwaka 2009, Patrick Debois aliitisha mkutano mjini Ghent, Ubelgiji, ulioitwa DevOpsDays. Humo ndimo lilimotoka jina DevOps, yaani waandishi na waendeshaji wafanye kazi pamoja, na wabebe lawama pamoja.

Siku hizi wakuu wengi hudai kwamba timu zao zimekomaa kwa kuwa wamenunua vifaa vya kisasa. Mimi naona huko ni kumsifu mpishi kwa sufuria zake. Katika kitabu chao Accelerate cha mwaka 2018, Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim wanapima kwa mambo manne. Timu hupeleka mabadiliko kwa watumiaji mara ngapi? Badiliko huchukua muda gani tangu fundi alikabidhi hadi lianze kutumika? Kati ya mabadiliko 100, mangapi huleta hitilafu? Na hitilafu ikitokea, huduma hurejea baada ya muda gani?

La kushangaza ni kwamba watafiti hao waliona timu zenye kasi ndizo pia zenye makosa machache. Sababu yake si ngumu. Badiliko dogo hukaguliwa upesi na huondolewa upesi; mzigo wa miezi sita ukiharibika, nani atajua kosa liko wapi?

Majibu yatoke katika kumbukumbu za kazi, si katika maoni ya mkuu, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wala yasigeuzwe fimbo, maana anayeogopa kuadhibiwa huficha hitilafu, nayo hitilafu iliyofichwa hukua.

Mishahara yetu, nauli zetu na hata majibu ya vipimo vya hospitali vinapita katika programu hizi. Basi ukiambiwa dirishani kwamba mtandao unasumbua, usiulize tu utarudi lini. Uliza umesumbua mara ngapi mwezi huu.