Jimbo la Kwela

Jimbo la Kwela ni jimbo la uchaguzi wa Bunge la Tanzania lililopo katika Mkoa wa Rukwa. Eneo lake ni lile la Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, ambayo makao makuu yake yako Laela. Mji wa Sumbawanga wenyewe haumo. Una jimbo lake, Sumbawanga Mjini.

Mahali

Kwela ina sehemu mbili zisizofanana. Laela na Mpui ziko juu, kwenye uwanda wa Ufipa, kando ya barabara kuu ya Tunduma. Muze, Mtowisa, Milepa na Ilemba ziko chini, katika bonde la Ziwa Rukwa. Katikati umesimama ukingo mrefu wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ziwa takriban mita 800. Basi mkazi wa bondeni mwenye shida ya kupeleka halmashauri hana budi kupanda kilomita nzima kwenda juu. Huku juu kuna baridi, mahindi na maharage. Kule chini ni joto, mpunga na uvuvi. Mbunge ni mmoja.

Mipaka

Hadi mwaka 2012 Wilaya ya Sumbawanga Vijijini ilikuwa na majimbo mawili, Kwela na Kalambo. Mwaka huo Kalambo ikawa wilaya kamili, makao makuu yakiwa Matai.  Hapa jimbo lilitangulia. Mwaka huohuo Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa ukachukua majimbo matatu ya Mpanda. Rukwa ikabaki na matano: Sumbawanga Mjini, Kwela, Kalambo, Nkasi Kaskazini na Nkasi Kusini. Haya mawili ya mwisho yalitokana na kugawanywa kwa jimbo la Nkasi kabla ya uchaguzi wa 2010.

Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha tofauti kubwa. Wilaya ya Sumbawanga, yaani Kwela, ilikuwa na wakazi 305,846, Manispaa ya Sumbawanga 209,793 na Kalambo 207,700. Nkasi ilikuwa na 281,200 kwa majimbo mawili, wastani wa 140,600 kwa kila mbunge. Hivyo mbunge wa Kwela alibeba watu zaidi ya mara mbili ya wale wa mwenzake wa Nkasi.

Katiba, ibara ya 75, inaitaka Tume ya Uchaguzi kuchunguza mgawanyo wa majimbo angalau kila baada ya miaka kumi, kwa kuangalia idadi ya watu, njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Kwa vigezo vyote vitatu Kwela ina hoja nzito. Lakini Tume huangalia pia mambo mengine, likiwemo moja ambalo wananchi wengi hawalifikirii: nafasi iliyopo katika ukumbi wa Bunge mjini Dodoma. Vilevile jimbo halitakiwi kuwa ndani ya halmashauri mbili, wala kata moja kuwa ndani ya majimbo mawili. Sharti hilo haliizuii Kwela kugawanywa, kwa kuwa yote imo katika halmashauri moja. Mpaka mpya ungeweza kufuata kata.

Chrisant Mzindakaya aliiwakilisha Kwela hadi 2010, akafuatwa na Ignas Malocha, kisha Deus Sangu aliyechaguliwa mwaka 2020. Wote ni wa CCM.

Majimbo ya nchi nzima yaliongezeka kutoka 239 mwaka 2010 hadi 264 mwaka 2015, lakini Kwela haikuguswa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,540,519 mkoani Rukwa, kutoka 1,004,539 miaka kumi nyuma. Mwaka 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane, jumla yakawa 272. Hakuna hata moja lililotoka Rukwa.